Nyumba ya Wote, Mlango wa Fundi

Mkono ulikuwa bado juu.

Ule mkono, ndugu msomaji, uliokulaza roho juu wiki nzima. Mkutano wa wakazi umekaa uani. Mwenyekiti ameuliza nani anakubali Fundi ahamishwe kutoka nyumba ya chini, alimokuwa akiishi na marehemu mama yake. Mikono imepanda, imehesabiwa, na waliokubali wamewazidi waliokataa kwa mkono mmoja tu, mkono wa nyuma kabisa uliochelewa kupanda. Watu wakageuka kuutafuta. Wakaanzia kwenye vidole, wakashuka kwenye kiwiko, wakafika begani, wakakuta uso.

Uso wa Fundi mwenyewe.

"Fundi," Kinyozi akamnong'oneza, "shusha mkono. Ni wewe unayehamishwa!"

Fundi akautazama mkono wake. Ulikuwa wake kweli, hata pini za kubania pindo zilikuwa bado zimechomekwa kwenye nguo karibu na kifundo. Akaushusha na kuuweka mapajani.

"Imepita," akasema Mwenyekiti.

"Imepita wapi!" Kinyozi akaruka kutoka kwenye benchi. "Mtu hajui hata anachoulizwa, nyinyi mnahesabu! Huyu hayupo hapa!"

"Hayupo? Mbona mimi namwona?" Mwenyekiti alikuwa na sauti laini, sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. "Fundi, mwanangu. Umeinua mkono au hukuinua?"

"Nimeinua."

"Kuna mtu amekushika akakuinulia?"

"Hapana."

"Basi. Tumshukuru mwenzetu kwa moyo wake."

Watu wakapiga makofi. Fundi naye akapiga.

Aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza asihangaike, habari yenyewe ni fupi. Majengo haya hayana mwenye nyumba wala mpangaji. Wakazi ndio wenyewe. Wanaosha ngazi kwa zamu, wanawasha pampu ya maji kwa zamu, wanagombana bila zamu. Kila mmoja ana hisa yake katika yote, kuanzia bati la juu mpaka bomba la chini, na hisa hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini nani alale chumba gani, hilo huamuliwa na mkutano. Na aliyebaki peke yake anaweza kuombwa apishe familia.

Fundi alikuwa amebaki peke yake. Amepewa chumba kimoja, juu kabisa, chini ya bati. Nyumba yake ya chini, yenye mlango unaofunguka barabarani, inakwenda kwa Dereva na watu wake.

Chumba ni chumba, utasema. Ngoja kwanza. Mlango ule wa barabarani ndio uliokuwa ukimlisha. Wateja waliingia na suruali mkononi, wakapimwa kiuno wamesimama kizingitini, wakaenda zao. Nani atapanda ghorofa zote hizo kwa ajili ya kupunguziwa pindo?

Kwa nini basi aliinua mkono? Hata yeye hakujua vizuri. Mkutano ulianza na taa ya ngazini, wanaokubali ibadilishwe? Mikono juu. Geti lipakwe rangi? Mikono juu. Tangu alipokuwa msichana alikaa mikutanoni ubavuni mwa mama yake, na mama alimgusa kwa kiwiko wakati wa kuinua ulipofika. Siku ile kiwiko hakikuwepo. Fundi akawa anaangalia wenzake na kuwafuata, taa, rangi ya geti, nyumba yake.

Tena tangu msiba alikuwa haelewi kitu. Mama alilala mchana baada ya kula. Fundi alirudi kutoka kununua uzi, akamkuta amelala, akashona pembeni yake mpaka jua likaelekea kuzama, akikanyaga cherehani polepole asimwamshe. Alipomgusa ili ampe chai, ndipo alipojua. Hakulia. Watu walimwambia machozi yatakuja, naye akayasubiri kama unavyomsubiri fundi bomba aliyesema atapita kesho.

Haya, twende mbele. Jumamosi ikafika, siku ya kuhama.

Hapa mtu akihama hakodi mchukuzi. Wakazi hujipanga kwenye ngazi kuanzia chini mpaka juu, na vitu hupita mkono kwa mkono. Vya Dereva vinashuka, vya Fundi vinapanda, vinapishana katikati.

Kitu cha kwanza kushuka kilikuwa mtu. Bibi, mama mzazi wa Dereva, miguu ilimgomea tangu mwaka jana na hajawahi kuteremka tena. Wanaume walimbeba akiwa amekaa kwenye kiti.

"Nishikeni vizuri! Mimi si gunia la mkaa!" alipiga kelele kila kona. "Wewe mwenye fulana, mbona unahema hivyo? Umebeba mguu mmoja tu!"

Wakamweka kwenye chumba cha mbele cha Fundi, karibu na mlango wa barabarani. Akatazama nje watu wakipita, akanyamaza ghafla.

Kisha vikapanda vya Fundi. Meza. Mto. Lile sanamu la kitambaa la kuvalisha magauni, lisilo na kichwa wala mikono.

"Na huyu naye ana hisa?" mtu akauliza kwenye ngazi.

"Huyu afadhali," mwingine akajibu. "Huyu hana mkono wa kuinua."

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Fundi alikisikia kicheko hicho, akaendelea kukunja mashuka. Alikuwa ameshakunja shuka lile lile mara kadhaa.

Ndipo mama mdogo alipoingia.

Mama mdogo wake Fundi haishi hapa na hana hisa hapa. Alikuwa ameletewa habari asubuhi hiyo, akaja na kanga ya nyumbani, kiatu kimoja kikiwa na kisigino na kingine hakina.

"Ni kweli?" akauliza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Shikamoo zako zitunze. Ni kweli umejipigia kura ujitoe mwenyewe nje?"

"Ndiyo."

"Umelogwa?"

"Hapana. Niliinua tu."

"Aliinua tu! Mtu anainua tu mguu, anainua tu sufuria! Unainuaje tu mkono ukaitoa nyumba ya dada yangu?" Akaliona shuka, akamnyang'anya, akalitupa kitandani, na hapo hapo kitanda kikanyanyuliwa na vijana na kuondoka na shuka lake.

Kinyozi akaja mbio kutoka kwenye ngazi, mikono imejaa masufuria ya Dereva. Alikuwa na sura ya mtu asiyelala.

"Mama, nimejaribu," akasema. "Mungu anajua nimejaribu. Kanuni yetu ni moja. Kura hufufuliwa na aliyeikubali, basi. Asimame mbele ya watu aseme, 'Najuta mkono wangu,' kabla mwenyeji mpya hajageuza ufunguo. Mimi nilikataa, kwa hiyo mdomo wangu hauna kazi. Nimezunguka milango yote ya waliokubali kuwabembeleza. Mmoja ananiambia ana jipu. Mwingine anajifanya kalala, na redio inaimba."

"Hakuna hata mmoja mwenye huruma na mtoto huyu?"

"Hakuna."

"Umewauliza wote?"

"Wote, mama. Hakuna niliyemruka."

"Na huyu?"

Mama mdogo alikuwa amemnyooshea kidole Fundi.

Kinyozi akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Sufuria moja ikamponyoka, ikaviringika mpaka miguuni pa Bibi.

"Ya rabi," akasema Kinyozi. "Huyu naye alikubali!"

Msomaji, umeona? Mkono ule ule uliomtoa ndio pekee ungeweza kumrudisha. Kama ungekuwa mkono wa mwingine uliomtoa, naye akawa ameishika nyumba yake kwa meno, leo asingekuwa na la kufanya.

Lakini muda haukuwepo. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama mlangoni, ufunguo mkononi, na watu wameanza kuteremka ngazi kuja kushuhudia. Dereva naye amesimama mbele yake, amevaa shati lililopigwa pasi, mkono umenyooka.

Mama mdogo akamsukuma Fundi kwa mgongo. "Sema."

"Niseme nini?"

"Najuta mkono wangu. Maneno matatu!"

Fundi akafikiri. "Lakini sijuti, mama mdogo."

"Nini?"

"Si kwamba nimefurahi. Sisikii chochote. Nikisema najuta, nitakuwa nimesema uongo."

Mama mdogo alimwangalia kwa namna ya mtu anayetaka kupiga kofi na kukumbatia kwa wakati mmoja, hajui aanze na lipi. "Nani kakuuliza unasikia nini? Kesho mteja akija na suruali yake utampimia wapi, angani? Wewe sema. Moyo utakukuta mbele ya safari!"

Ufunguo uliondoka kwenye vidole vya Mwenyekiti. Uliingia kwenye kiganja cha Dereva. Dereva akageukia kitasa.

Fundi akatazama kizingiti. Saruji pale imelika katikati, mahali wanaposimama watu kupimwa. Akajaribu kujiuliza kesho atamsimamisha mtu wapi. Jambo dogo tu kama hilo.

"Najuta mkono wangu," akasema.

Aliyasema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kuwa nguo yake iko tayari. Wa nyuma hawakusikia. Lakini Dereva alisikia, na ufunguo ukagota kwenye tundu bila kugeuka.

"Amesema nini?" mtu akauliza.

"Anajuta!" Kinyozi akapiga ukelele akizunguka na sufuria zake kama mpiga ngoma. "Anajuta mkono wake! Kura imefufuka! Hakuna kugeuza!"

Mwenyekiti akatabasamu. Tabasamu lilichelewa kidogo. "Fundi, mwanangu. Una huzuni. Hujui unachosema."

"Juzi nilikuwa najua?" Fundi akauliza.

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli. Lakini mtu mmoja akakohoa kwa makusudi.

"Kwa sababu gani unajuta?" Mwenyekiti akauliza. Ule ulaini wa sauti ulikuwa umepungua.

"Kanuni haidai sababu," akadakia Kinyozi. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetusomea."

Dereva akauchomoa ufunguo. Hakuwa mtu mbaya, Dereva, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. "Dada," akamwambia Fundi, "mimi sina ugomvi na wewe. Ila mama yangu hajaona ardhi mwaka mzima. Unataka nimwambie nini? Nimpandishe tena?"

"Sijui," akasema Fundi. "Najua hajaona ardhi. Sijui umwambie nini."

Mwenyekiti akamnyang'anya Dereva ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akatangaza, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, kwamba mkutano utakaa upya, na mpaka siku hiyo nyumba haina mwenyewe. Kilichopanda kibaki juu. Kilichoshuka kibaki chini. Kilichoko njiani kisiguswe. Ndivyo kanuni isemavyo, na atakayesogeza hata kijiko atajibu mbele ya watu.

Basi, kitanda cha Fundi kikabaki chini ya bati na jiko la Dereva likabaki chini. Cherehani ilikuwa katikati ya ngazi mikononi mwa wanaume wawili, wakaitua hapo hapo walipofika. Mama mdogo akapanda, akakaa kwenye ngazi kando yake, akavua kile kiatu chenye kisigino na kukishika mkononi.

"Nione nani ataigusa," akasema.

Kinyozi akakaa ngazi ya chini yake, kumsaidia kuona.

Na Bibi je? Kwa kanuni hiyo hiyo, Bibi alikuwa ameshuka. Akabaki alipowekwa.

Hivyo ndivyo alasiri hiyo Fundi alivyojikuta chumbani mwake na mama wa mtu aliyekuja kuichukua nyumba, vyombo vya huyu vimechanganyika na vya yule, mlango wa barabarani uko wazi na hakuna mteja.

"Utanitazama tu, au kuna chai?" Bibi akauliza.

Fundi akawasha jiko la Dereva, akateleka birika lake mwenyewe.

"Sukari iko wapi?"

"Iko juu, Bibi."

"Loo! Godoro langu limeshuka, sukari yako imepanda. Watu hawa hawana akili." Akavuta kiti karibu na mlango kwa kuburuta makalio. "Tazama yule anavyotembea. Mwaka mzima nilikuwa naona vichwa tu. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wana magoti."

Fundi akampa kikombe, naye akachukua chake. Akakaa sakafuni, maana viti vyake vilikuwa juu.

"Unanichukia?" Bibi akauliza, akipuliza chai.

"Hapana, Bibi."

"Mimi ningekuchukia. Ningekutilia chumvi humu." Akanywa, akakunja uso. "Mwanangu ananiambia wewe hulii. Kweli?"

"Hayaji."

"Basi yaache. Mimi nililia kwa ajili ya ngazi mpaka macho yakavimba, ngazi zikapungua?"

Nje mtoto alipita akiburuta fimbo ukutani.

"Bibi," akasema baadaye, "nyumba yenu ya juu, ile kubwa, mkihamia hapa anapewa nani?"

"Si binti wa Mwenyekiti? Anaolewa. Mbona kila mtu anajua? Au hamna madirisha huku chini?"

Fundi akaupokea ujumbe huo kama alivyopokea kila kitu siku hizi, bila kujua auweke wapi. Binti wa Mwenyekiti. Kwa hiyo Bibi na miguu yake walikuwa njia tu. Kwa hiyo na yeye Fundi, na kizingiti chake.

"Basi mliiomba nyumba hii ili mumpishe binti huyo," akasema.

"Nani aliyeomba?" Bibi akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Sisi hatukuomba kitu! Mwanangu ana aibu kuliko mwari, aombe nyumba ya mtu? Ni Mwenyekiti aliyekuja, asubuhi moja. Alipanda mwenyewe mpaka kwetu, anahema. Akatuambia tuanze kufunga vyombo, nyumba ya chini inakuwa wazi. Nikauliza, ipi? Akasema, ya Fundi na mama yake. Nikafurahi, nisikufiche. Nikachungulia dirishani niione. Mama yako alikuwa pale uani, anaanika shuka, anaimba. Alikuwa na sauti mbaya, Mungu amrehemu."

Kikombe cha Fundi kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

"Mama alikuwa anaanika?"

"Shuka la maua. Upepo ukawa unamsumbua."

"Bibi. Siku hiyo ilikuwa siku gani?"

"Nitajuaje? Kule juu siku zote zilikuwa moja." Bibi akafikiri, akakung'uta majani ya chai. "Lakini si ndiyo siku ile ile? Jioni yake ndipo tuliposikia kelele huku chini, nikamwambia mwanangu, wee, mbona haraka hivi."

Shuka la maua ndilo alilomkuta mama amejifunika. Lilikuwa bado na unyevunyevu pembeni, Fundi alikumbuka, na alijiuliza wakati huo kwa nini mama kajifunika kabla halijakauka vizuri. Kisha akakanyaga cherehani.

Asubuhi mama alikuwa mzima, anaimba. Na asubuhi hiyo hiyo mtu alikuwa amepanda ngazi kwenda kuwaambia wengine kwamba nyumba inakuwa wazi.

Kitu kikamtekenya Fundi kifuani. Hakikuwa kilio. Kilikuwa kidogo kuliko kilio na kikavu zaidi, kama ncha ya pini inayojitokeza upande wa pili wa kitambaa.

"Hodi," ikasema sauti nje, laini, ya kumbembeleza mgonjwa.

Kivuli cha Mwenyekiti kikaingia kabla yake, kikalala sakafuni mpaka kwenye miguu ya Bibi. Mkono wake ulikuwa mfukoni, unachezea ufunguo.

"Nimekuja tuongee peke yetu, mwanangu," akasema. "Tulimalize kabla ya mkutano. Bibi tutamsogeza nje kidogo apunge upepo."

Bibi akamtazama Fundi.

Fundi akainuka kutoka sakafuni. Akampita Mwenyekiti, aliyekwisha kuingia ndani, bila kumgusa, akafunga mlango wa barabarani, akapachika komeo kwa ndani. Kisha akarudi na kumwonyesha Mwenyekiti mahali pa kukaa, ndoo iliyopinduliwa karibu na kiti cha Bibi.

"Karibu, Mwenyekiti," akasema. "Kanuni haituruhusu kumsogeza Bibi. Kaa. Alikuwa ananisimulia asubuhi uliyopanda kwao, na mimi nataka kuisikia tena kuanzia mwanzo, wewe ukiwepo."

Mwenyekiti, ambaye hakuna nyumba katika majengo yote alimowahi kukaribishwa kiti akakikataa, alibaki amesimama.